Klorini, Iodini na Floridi: Ukoo Mmoja Nyumbani Mwako

Leo tuutazame ukoo mmoja wa kemikali uitwao halojeni. Zinazojulikana zaidi ni nne: florini, klorini, bromini na iodini. Chembe ya kila moja imepungukiwa na elektroni moja tu, kwa hivyo huinyakua kutoka kwa kitu kingine. Florini ndiyo kali kuliko zote. Klorini huifuata, kisha bromini, na kati ya hizo nne iodini ndiyo yenye nguvu kidogo.

Ukali huo hutufaa. Ukitia dawa ya klorini ndani ya maji, huvishambulia viini vya kipindupindu na vya kuhara, navyo hufa. Lakini klorini haichagui. Maji yakiwa na tope, nguvu yake huishia kwenye uchafu na viini vikabaki hai. Basi chuja maji kwa kitambaa safi, tia kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, koroga, kisha ungoje dakika 30 ndipo mtoto anywe.

Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe nayo huwa na klorini. Usiichanganye kamwe na siki wala dawa nyingine ya kusafisha choo, wala usiimimine kwenye poti ya mtoto yenye mkojo. Hutoka gesi inayochoma macho na mapafu. Ikitokea, toka nje na watoto mara moja. Anayekohoa sana au kuhema kwa shida apelekwe hospitali.

Iodini huhitajiwa na tezi ya shingoni, na pia na ubongo wa mtoto aliye tumboni. Ikikosekana, shingo huvimba rovu, na akili ya mtoto huweza kudumaa. Nunua chumvi yenye iodini, ifunike isipate jua wala unyevu, na uitie chakula kikikaribia kuiva.

Floridi ni florini iliyokwisha kupata elektroni yake, ikatulia. Kidogo huimarisha meno. Ikizidi huyatia rangi ya kahawia, kama ilivyo sehemu nyingi za Bonde la Ufa. Kuchemsha maji hakuiondoi, wala klorini haiiondoi. Ukiishi huko, kinga maji ya mvua kutoka paa safi, uyatibu, umpe mtoto angali mdogo, kabla meno yake ya ukubwani hayajaota.

Mama, kipimo ndicho kinachotenganisha dawa na sumu.