Kosa, Hitilafu na Udhaifu: Istilahi za Kuhakiki Masahihisho ya Mfumo Endeshi

Taarifa za masahihisho ya programu za kompyuta aghalabu hutumia maneno "kosa", "hitilafu" na "udhaifu" kana kwamba yana maana moja. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba sivyo, na kwamba mtumishi anayesoma taarifa hizo ili aamue kama kompyuta za ofisi yake zirekebishwe leo au mwezi ujao aweza kupotoshwa. Mfano wetu ni masahihisho yaliyofanywa mwaka 2021 katika kiini cha Linux, ambacho ndicho pia msingi wa simu za Android.

1. Dhana zenyewe

Kiini ni sehemu ya mfumo endeshi inayotawala kumbukumbu, vifaa na faili. Ndani yake mna tabaka linalopokea maombi yote ya kufungua, kusoma na kuandika faili, kisha kuyapeleka panapohusika, iwe ni kwenye diski, mtandao au kumbukumbu. Tabaka hili ni mfano wa dirisha la masijala: mwenye kuomba jalada hana haja ya kujua limewekwa kabati gani. Wako wanaoliita "mfumo pepe wa faili". Lakini neno "pepe", lililozoeleka katika "barua pepe", humpeleka msomaji kwenye mambo ya mtandao. Sisi twapendelea "mfumo dhahania wa faili", kwa kuwa kinachokusudiwa ni sura ya jumla isiyofungamana na kifaa chochote.

2. Mfano wa mwaka 2021

Tarehe 20 Julai 2021 kampuni ya Qualys ilitangaza kasoro iliyoipa jina Sequoia. Ilikuwa katika msimbo unaotayarisha maandishi ya faili ambazo kiini huzitunga chenyewe, kama vile orodha ya mifumo ya faili inayotumika. Maandishi yakizidi nafasi iliyotengwa, kiini huiongeza nafasi hiyo maradufu. Ukubwa wake huwekwa katika namba isiyokubali hasi, ya biti 64. Lakini ulipofikishwa kwenye kipande cha programu kinachoandika njia ya saraka, ulipokewa katika namba ya biti 32 inayokubali hasi, ambayo haiwezi kupita 2,147,483,647. Mtu akipanga saraka ndani ya saraka hata urefu wa njia upite gigabaiti 1, nafasi hufikia gigabaiti 2, yaani baiti 2,147,483,648, na hapo namba hugeuka kuwa hasi. Kwa kuwa njia huandikwa kuanzia mwisho wa nafasi kurudi nyuma, kiini kiliandika baiti 10 mbali kabisa, takriban gigabaiti 2 kabla ya mwanzo wa nafasi hiyo.

Hapa pana mambo matatu:

(a) Kosa: namba kubwa kupokewa katika chombo kidogo. Lilikuwamo katika msimbo tangu mwaka 2014 bila dalili yoyote.

(b) Hitilafu: kiini kuandika nje ya nafasi yake. Hili hutokea tu masharti yakitimia.

(c) Udhaifu: mtumiaji wa kawaida kuweza kujipatia mamlaka yote ya kompyuta. Qualys walilithibitisha jambo hili katika Ubuntu, Debian na Fedora.

Kwa ufupi, kosa hukaa, hitilafu hutokea, udhaifu hutumiwa. Mfasiri anayeandika kwamba "hitilafu ndogo imerekebishwa" amelificha jambo la tatu, ambalo ndilo lililompasa mtumishi kuharakisha.

3. Uhakiki na kiraka

Yafaa pia kutofautisha "masahihisho", yaani badiliko lenyewe, na "kiraka", yaani maandishi yanayoonyesha mistari iliyoondolewa na iliyoongezwa. Kadhalika, "ukaguzi" hutazama kama kanuni zimefuatwa. "Uhakiki" hupima kama hoja ya badiliko ni sahihi.

Kiraka cha Sequoia kilikuwa kifupi mno: panapotengwa nafasi paliwekwa sharti kwamba ombi linalopita kikomo kilicho chini kidogo ya gigabaiti 2 likataliwe. Mhakiki hana budi kuuliza: mbona aina ya namba haikubadilishwa kule inakopokewa? Jibu ni kwamba wapokeaji ni wengi ilhali lango ni moja, na hakuna haja ya maana ya kuwa na nafasi kubwa kiasi hicho. Basi hapa kosa halikung'olewa, limezibiwa njia. Ndiyo maana twapendekeza "kuziba" na "kuondoa" yasichanganywe, maana kosa lililozibwa laweza kurudi iwapo msimbo mwingine utapita pembeni ya lango.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wayapime mapendekezo haya katika kazi zao, na kutuletea maoni yao kabla istilahi hizi hazijasanifiwa.