Ziwa Kivu: picha nzuri inapatikana kisha mvua, si wakati wa kiangazi

Wengi wanaopenda kupiga picha za Ziwa Kivu hungojea kiangazi. Wanafikiri kwamba jua la mwezi wa Juni hadi Agosti ndilo linalofaa. Lakini katika miezi hiyo vumbi la barabara na moshi wa mashamba yanayochomwa hufunika milima. Mkaaji wa Goma anaweza kupitisha siku nyingi bila kuona vizuri Nyiragongo, hata kama hakuna wingu la mvua.

Mvua ndiyo inayosafisha hewa. Inapokatika, kwa muda mfupi milima ya Masisi na Kalehe, kisiwa cha Idjwi na upande wa Rwanda vinaonekana wazi, na mawingu yaliyobaki yanalipa anga sura. Aliyekimbilia nyumbani kwa kuogopa matone ya kwanza hukosa nafasi hiyo.

Sababu ya mabadiliko ya haraka

Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha karibu mita 1460, katikati ya milima. Mchana, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Upepo hutoka ziwani na kupanda milimani ukibeba unyevu, na unyevu huo hugeuka mawingu. Usiku milima hupoa na upepo hushuka kuelekea ziwani. Kwa hiyo Nyiragongo, yenye karibu mita 3470, mara nyingi huonekana asubuhi mapema kisha hujifunika kabla ya saa sita.

Tena, huku karibu na ikweta jua huchomoza karibu saa 12 asubuhi na kuzama karibu saa 12 jioni mwaka mzima, na hupanda haraka. Mwanga laini wa asubuhi hauchelewi kuisha. Anayetaka kuupata sherti awe amefika kando ya maji saa 11 na nusu.

Mahali pa kusimama

Goma iko kaskazini mwa ziwa, na volkano iko nyuma ya mji. Ukiwa ufukweni mjini, ukitazama ziwa umeipa Nyiragongo mgongo. Kwa kupata vyote viwili katika picha moja, inafaa kuwa, kwa mfano, ndani ya mashua au upande wa kaskazini wa Idjwi. Kule Bukavu, kusini mwa ziwa, jua huchomoza upande wa Rwanda na kuangaza maji kati ya rasi za mji.

Asubuhi wavuvi wa sambaza hurudi na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Mtumbwi mmoja mbele ya picha unamsaidia mtazamaji kuelewa ukubwa wa ziwa na wa wingu lililo juu yake. Lakini inafaa kuwaomba ruhusa wavuvi kabla ya kuwapiga picha kwa karibu.

Telefone ya kawaida inatosha. Pangusa kioo chake kwa kitambaa kikavu, kwa sababu baridi ya asubuhi hukiletea ukungu. Gusa sehemu ya mawingu kwenye skrini ili telefone ipunguze mwanga. Bila hivyo anga hutoka nyeupe tupu. Hakikisha mstari wa maji haukuinama, na usivute picha ya mbali kwa vidole: sogea mwenyewe.

Radi, mawimbi na askari

Utafiti uliotolewa mwaka 2016, kwa kutumia vipimo vya setelaiti, uliweka Kabare, karibu na ziwa, kwenye nafasi ya kwanza Afrika kwa wingi wa radi. Ngurumo ikisikika, kusimama juu ya kilima na kamera kwenye miguu ya chuma ni kujitafutia kifo. Ndani ya mashua, jaketi la kuokoa maisha ni la lazima: Oktoba 3, 2024 watu wengi walikufa maji mbele ya bandari ya Kituku, Goma, mashua iliyotoka Minova ilipozama.

Pia, tangu waasi wa AFC/M23 walipoingia Goma mwezi wa Januari 2025 na Bukavu mwezi wa Februari, kamera inatiliwa mashaka zaidi. Kambi za askari, viwanja vya ndege, bandari na mipaka si mahali pa kuielekeza.

Picha kama ushuhuda

Hadi mwaka 2021, usiku wenye mawingu, lava ya Nyiragongo iliangaza anga ya Goma kwa rangi nyekundu. Mlipuko wa Mei 22 mwaka huo ulimwaga lava ile na mwanga ukapotea kwa muda. Mei 4, 2023, mvua kubwa iliangusha matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe, na zaidi ya watu 400 walikufa. Mwenye picha ya vilima vile iliyopigwa mbele ya siku hiyo anaweza kuonyesha nyumba zilikuwa wapi, mito ilipita wapi na miti ilibaki mingapi.

Kwa sababu hiyo, kila picha iandikiwe tarehe na jina la kijiji, na nakala yake iwekwe pia nje ya telefone. Telefone huibiwa, huanguka majini, na wakati wa kukimbia vita huachwa nyumbani.