Mzazi Anapopoteza Kumbukumbu: Tupange Vipi Huduma Yake Nyumbani?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo, tunapenda kuzungumza na wanafunzi wetu na wazazi wao juu ya jambo lililomo majumbani mwetu lakini halisemwi: mzee anayepoteza kumbukumbu.

Mzee wa namna hii huuliza swali moja mara kumi, husahau kuwa amekula, na hupotea katika njia ya shambani aliyoipita maisha yake yote. Watu husema amerogwa, au anafanya makusudi. Wengine humwita mchawi, na katika nchi yetu wapo vikongwe waliouawa kwa tuhuma za namna hiyo. Kwa hiyo tuanze na elimu.

Haya ni maradhi gani?

Ni maradhi ya ubongo, na madaktari huyaita dimensia. Aina inayojulikana zaidi ilielezwa mwaka 1906 na daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer. Aina nyingine hutokana na kiharusi na shinikizo la damu lisilotibiwa. Si maradhi ya Wazungu peke yao. Mwaka 2009 na 2010 watafiti waliwapima wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi wilayani Hai, Kilimanjaro, wakakuta takriban 6 katika kila 100 wanayo. Nayo Sura An-Nahl, aya ya 70, inatukumbusha kuwa wapo watakaorudishwa kwenye umri dhaifu, wasijue tena waliyokuwa wakiyajua.

Dawa ya kuyaponya haijapatikana. Lakini si kila mzee anayechanganyikiwa ana maradhi haya. Malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa vitamini na huzuni kubwa pia huvuruga akili, na hayo yanatibika. Basi mpango uanzie zahanati au kituo cha afya, hasa hali ikibadilika ghafla.

Mpango wa nyumbani

Kwanza, kikao cha familia. Mara nyingi mzigo wote huachiwa binti mmoja aliyebaki kijijini. Aya ya 23 na 24 za Sura Al-Israa, zinazotuamuru wema kwa wazazi na kutukataza hata neno la kuonesha tumewachoka, hazikumwambia binti huyo peke yake. Watoto walioko Morogoro mjini na Dar es Salaam waitwe. Na kwa kuwa sisi Waluguru hufuata ukoo wa mama, wajomba nao wawepo. Iandikwe: nani analala naye, nani anatoa fedha ya sabuni, chakula na dawa, na nani atakuja kwa zamu ili mlezi apumzike. Mlezi akiugua kwa uchovu, wagonjwa wanakuwa wawili.

Pili, usalama. Milima yetu ina miteremko mikali na mito. Majirani waambiwe wazi, ili wakimwona peke yake wamrudishe. Namba ya simu ishonwe kwenye nguo yake. Moto wa mafiga usiachwe bila mtu, na panga, koroboi, dawa za hospitali na sumu za shambani viwekwe mbali naye.

Tatu, siku yake iwe na utaratibu. Ale, aoge na alale saa zile zile. Apelekwe chooni kabla hajaomba, apewe maji mara kwa mara, na sitara yake ilindwe wakati wa kuoga. Akimuulizia ndugu aliyefariki zamani, tusibishane naye. Tumwambie atuhadithie habari zake.

Nne, ibada. Aliyepotewa na akili haandikiwi dhambi kwa swala au saumu iliyompita, wala asilazimishwe kufunga. Ikiwa bado ana nyakati za kutambua, familia imuulize sheikh. Lakini akitaka kusimama nasi katika swala, tumpe nafasi. Mara nyingi sura alizohifadhi utotoni hubaki wakati ya jana yamekwisha kumtoka.

Tano, mali. Wasia uandikwe mapema, mzee akiwa na akili timamu, mbele ya mashahidi, na usizidi theluthi moja. Kumshika kidole akaweka alama kwenye karatasi ya kuuza shamba asiyoielewa ni dhulma. Na mirathi haigawiwi mwenye mali akiwa hai.

Kwenu wanafunzi

Msimcheke bibi wala babu akiwaita kwa majina yasiyo yenu. Itikieni, mwambieni ninyi ni nani, kisha kaeni naye. Mtoto anayemsomea babu yake Qur'ani nusu saa jioni amempa mama yake nafasi ya kupika na kuswali kwa utulivu. Hiyo nayo ni zamu, na iandikwe katika mpango.

Tunawaomba wazazi wasomao makala hii waitishe kikao hicho mapema, kabla mzee hajapotea njiani au mlezi hajaanguka. Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, na atupe subira katika kuwatumikia. Amin.