Kupima Lishe ya Wanafunzi: Tusikosee Umri

Tunapopima hali ya lishe ya wanafunzi wa shule za msingi tunahitaji mambo matatu: uzito, urefu na umri. Mtoto huvua viatu na sweta, hupanda kwenye mizani, kisha husimama wima kwenye ubao wa kupimia urefu. Vipimo hulinganishwa na viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2007, vya umri wa miaka 5 hadi 19.

Kosa kubwa huwa kwenye umri. Msichana wa sentimita 124 na kilo 24 akiandikwa kuwa ana miaka 8 huonekana hana tatizo. Kumbe ana miaka 10. Kwa umri huo amedumaa, ingawa hakukonda. Kwa macho hatungemtambua, na uji wa shuleni ungepelekwa kwingine.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za sharika kuwahimiza wazazi walete kadi za kliniki au vyeti vya ubatizo kabla ya siku ya kupima. Ndugu wafadhili, mizani mliyotupatia itafaa zaidi tukiwa na tarehe sahihi za kuzaliwa.