Bei ya Kutupa

Mjini Machakos, mwenye duka akikuta supamaketi inauza sukari chini ya bei anayoinunulia yeye kwa jumla, ama auze kwa hasara, ama pakiti zigande rafuni.

Sheria ya Ushindani ya Kenya ya 2010 haikatazi kushusha bei, na ni vyema. Mnunuzi naye ana haki ya unafuu. Lakini kifungu cha 24 kinamzuia anayetawala soko kulazimisha bei zisizo za haki. Adhabu yafika miaka 5 jela.

Mara nyingi punguzo hubebwa na msambazaji. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ilitangaza kuitoza supamaketi ya Carrefour faini ya shilingi bilioni 1.1 kwa kuwabana wasambazaji wawili.

Mwenye duka, tunza risiti zako za jumla. Ukionewa, peleka malalamiko kwa Mamlaka.