Harusi Ufukweni: Mwezi, Upepo na Mahali

Ufuko wa bahari ni ukumbi ambao sakafu yake hufunikwa na maji na kufunuliwa tena mara mbili kwa siku. Ukumbi wa kawaida ukishalipiwa, eneo lake linajulikana: viti vitakaa wapi, jukwaa litakuwa upande gani, wageni wangapi watatosha. Ufukweni mambo hayo yote hutegemea siku na saa. Mchanga uliokuwa mpana asubuhi unaweza kubaki ukanda mwembamba jioni, na bahari iliyoonekana ya samawati kwenye picha za hoteli inaweza kuwa imerudi nyuma kiasi cha kuacha tope, mawe na mwani. Kwa sababu hiyo, utaratibu uliozoeleka na kamati nyingi za harusi, wa kutafuta mahali kwanza kisha kupanga tarehe, haufai kwa harusi ya pwani. Tarehe na mahali huchaguliwa pamoja, na tarehe ndiyo yenye sauti kubwa zaidi.

Kabla ya hayo kuna swali la kujibiwa na familia zote mbili: ni shughuli ipi hasa itakayofanyika ufukweni? Ndoa na sherehe ni mambo mawili. Kwa Waislamu, nikaha inaweza kufungwa msikitini, nyumbani au mahali pengine penye heshima, hivyo ufuko hauna kizuizi cha msingi, ingawa familia nyingi za mwambao hupendelea msikiti. Kwa Wakatoliki, kanuni ya 1118 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inaelekeza kwamba ndoa kati ya Wakatoliki ifungwe katika kanisa la parokia, na ni askofu anayeweza kuruhusu ifungwe mahali pengine panapofaa. Bibi na bwana harusi wanaotarajia padri asimame mchangani bila kibali hicho hujikuta wakibadilisha mipango yote dakika za mwisho. Madhehebu mengine ya Kikristo yana taratibu zake, na mchungaji aulizwe kabla ya hoteli.

Ndoa ya kiserikali, ile iitwayo ya bomani, inadai muda. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka kusudio la kuoana litangazwe siku 21 kabla. Kenya nayo, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, ina muda huohuo wa siku 21 kwa ndoa za kiserikali. Zanzibar ina utaratibu wake, kwani sheria ya 1971 haitumiki huko. Msajili aulizwe mapema kama yuko tayari kufungisha ndoa nje ya ofisi na kwa masharti gani. Kwa wengi jibu rahisi ni kufunga ndoa msikitini, kanisani au bomani mchana, kisha kufanya sherehe ufukweni jioni.

Sasa bahari yenyewe. Katika pwani ya Tanzania na Kenya maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa takribani saa 25. Kila siku saa za kujaa husogea mbele kwa kama dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, nguvu ya mvuto wa jua na ya mwezi huungana, na hapo ndipo panapokuwa na bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katika bamvua kubwa, hasa karibu na miezi ya Machi na Septemba, tofauti kati ya maji makubwa na madogo hufika karibu mita 4 katika Dar es Salaam, Unguja na Mombasa. Mwezi unapokuwa nusu, mvuto wa jua huukabili ule wa mwezi kwa pembe, na huja maji mafu, ambapo bahari hupanda na kushuka kwa kiasi kidogo tu.

Kuna jambo ambalo wavuvi wote wa pwani hii wanalijua, lakini wapangaji wa harusi wengi hawalitumii. Katika sehemu moja, bamvua hujaa saa zilezile kila mara. Kwa Unguja, Dar es Salaam na Mombasa, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji hujaa pomoni mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa karibu na saa 4 na kupwa karibu na saa 10. Anayetaka kusimama mbele ya bahari iliyojaa saa 10 au 11 jioni, basi, atafute tarehe iliyo karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Ikisogea siku tatu, maji yatajaa kama saa 12:30, wakati giza linaingia. Ikisogea wiki nzima, saa 10 jioni itamkuta bahari imeondoka.

Hesabu hiyo haihitaji chombo chochote. Kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi, hivyo tarehe 1 na 2, na vilevile 15 na 16, ni siku za bamvua, na tarehe 8 na 22 hivi ni za maji mafu. Kwa dakika kamili, mamlaka za bandari hutoa majedwali ya kujaa na kupwa kwa mwaka mzima. Tarehe ya mwezi mpevu ina zawadi nyingine kwa pwani inayotazama mashariki: mwezi hutoka baharini karibu na wakati wa magharibi, jua linapozama nyuma ya minazi, na mapambo ya taa hupungua gharama. Lakini bamvua lina deni lake pia. Maji yanayojaa sana yanaweza kufika kwenye viti. Alama ya kuangalia ni mstari wa majani makavu na vijiti ambavyo bahari imeviacha juu ya mchanga: chini ya mstari huo pasiwekwe kiti, wala meza ya keki, wala waya wa umeme.

Umbo la ufuko linaamua bamvua na maji mafu yatakuwa na uzito gani. Upande wa mashariki wa Unguja, katika vijiji vya Paje, Bwejuu na Jambiani, mchanga ni tambarare na mwamba uko mbali. Maji yakipwa hurudi nyuma hata zaidi ya kilomita moja, na wanawake huingia kwenye mashamba yao ya mwani kwa miguu. Ni mandhari yenye uzuri wake, lakini si ile iliyo kwenye ndoto ya watu wengi wanaposema harusi ya baharini. Kaskazini, Nungwi na hasa Kendwa, ufuko una mteremko na maji hayaendi mbali, kwa hiyo tarehe huwa na uhuru zaidi. Bagamoyo ni tambarare kama Paje. Diani, kusini mwa Mombasa, mwamba huvunja mawimbi mbali na ufuko, na maji ya ndani hutulia.

Baada ya maji, jambo la pili ni upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Kati yao ni tangambili, siku za upepo mwepesi usio na mwelekeo. Kusi likishika, hasa Juni hadi Agosti, fukwe za mashariki hupigwa moja kwa moja. Paje ina sifa duniani kwa mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa tiara, na upepo unaomnyanyua mtu mzima juu ya mawimbi hauwezi kuacha shela, maua na vitambaa vya meza vikiwa vimetulia. Katika miezi hiyo pwani ya magharibi ya Unguja huwa imekingwa na kisiwa chenyewe. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ni mvua kubwa, na baadhi ya hoteli za mwambao hufungwa. Vuli huja Oktoba hadi Desemba, kwa manyunyu ya hapa na pale. Januari na Februari anga ni safi lakini joto ni kali, na siagi kwenye keki haivumilii. Kwa mwenye uhuru wa kuchagua, Septemba na mwanzo wa Oktoba ni wakati mzuri kuliko wote: kusi limelegea, vuli haijaanza, joto halijapanda.

Wengi huomba jua lizame baharini. Pwani ya bara, kuanzia Mtwara hadi Lamu, kwa sehemu kubwa inatazama mashariki, na jua huchomoza baharini na kuzama nchi kavu. Machweo juu ya maji yanapatikana pwani ya magharibi ya Unguja, kama Mji Mkongwe na Kendwa, na katika sehemu chache za bara zenye ghuba, kama upande wa magharibi wa rasi ya Msasani jijini Dar es Salaam. Hata hivyo ufuko wa mashariki haustahili kudharauliwa. Jioni jua huwa nyuma ya miti, mivinje na minazi hutupa kivuli mapema, na wageni hutazama bahari bila kufinya macho. Upande wa magharibi wageni hao hao huketi wakipigwa na jua usoni mpaka lizame. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12:10 na 12:50 kulingana na mwezi wa mwaka, na mwanga wa baada yake hauchukui hata nusu saa. Ratiba ya picha ipangwe kutoka hapo kurudi nyuma. Na kama viti vitawekwa chini ya minazi, nazi ziangushwe siku moja kabla.

Yaliyobaki ni mambo ya watu. Wazee hawatembei vizuri mchangani, viti vyenye miguu myembamba huzama, na kiti cha magurudumu hakipiti. Mahali pazuri ni pale ambapo nyasi au sakafu ya mbao hufika karibu na maji, ili bibi yake bibi harusi aone kila kitu bila kubebwa. Safari nayo ina uzito wake. Wageni wa Kigamboni wana pantoni na, tangu 2016, Daraja la Nyerere. Wa Diani wanaotoka Mombasa mjini wana kivuko cha Likoni, ambacho foleni yake imechelewesha harusi nyingi. Harusi ya Unguja kwa watu wa Dar es Salaam maana yake ni kama saa 2 za boti ya kasi kwenda, na malazi ya usiku. Kamati iamue mapema nani atalipa, kwa kuwa mchango hauwezi kudaiwa mara mbili kwa mtu mmoja.

Sauti hupotea ufukweni. Upepo huichukua, na mawimbi huifunika, kwa hiyo vispika vigawanywe pande mbili na maikrofoni ya mfungisha ndoa ifunikwe sifongo. Mahema hayashikwi na vigingi kwenye mchanga mlaini. Yanahitaji mapipa ya maji au magunia ya mchanga kwenye kila nguzo. Jenereta ya akiba iwepo, na iwe mbali na upande upepo unakotoka, ili moshi na kelele visiletwe kwa wageni. Ukumbi wa akiba wenye paa, unaotosha wageni wote, si anasa hata Agosti.

Kisha kuna wenyeji. Ufuko si mali ya hoteli peke yake: wavuvi huvuta madau yao hapo, watoto hucheza, wanawake hurudi na mwani. Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira, kwa hiyo jukwaa la zege juu ya mchanga lisiahidiwe na mtu. Katika vijiji vya Zanzibar, sheha apewe taarifa, muziki usigongane na adhana, na Ramadhani iepukwe. Mwezi huo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, hivyo tarehe iliyokuwa salama mwaka jana inaweza isiwe salama mwaka huu. Plastiki nazo zina sheria: Kenya imekataza plastiki za kutumika mara moja kwenye fukwe na hifadhi tangu Juni 2020, na Tanzania imepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 2019.

Kasa wanastahili kutajwa peke yao. Hutaga usiku kwenye fukwe kama za Watamu, Kigamboni na Mafia, na mayai huanguliwa baada ya takribani miezi miwili. Vitoto hufuata mwanga wa upeo wa bahari; taa kali za harusi huwageuza kuelekea nchi kavu, wakafa. Pale penye viota, taa zielekezwe chini na zizimwe mapema, na maputo yasiachiwe hewani kamwe, kwani yakianguka baharini kasa huyameza.

Mkataba ndio wa mwisho kuandikwa, na uandikwe wote: saa ya kuanza na kumaliza muziki, kama ufuko utakuwa wa harusi hiyo peke yake au wageni wa hoteli watapita na taulo, ada ya kuingiza chakula na vinywaji kutoka nje, idadi ya chini ya wageni, na fedha zitarudi vipi mvua ikinyesha. Kamati isitoe malipo ya awali kabla ya kutuma mtu asimame mahali hapo saa ileile itakayofungwa ndoa, katika siku yenye umri uleule wa mwezi, na aangalie maji yamefika wapi.