Wali wa sufuria ya umeme: Hatari huja baada ya kuiva

Ukipita leo katika barabara za Othaya, Mandera au Kandara mtaani Kileleshwa, utaona kwamba nyumba nyingi za zamani zilizokuwa na ua mpana zimeyapisha majengo ya ghorofa. Humo wanaishi watu wanaoondoka alfajiri na kurudi usiku: mfanyakazi wa ofisini, mwanafunzi wa chuo, wanandoa ambao bado hawajapata watoto, mzee aliyebaki peke yake baada ya watoto kuhama. Jikoni mwao hamna nafasi kubwa, na muda wa kusimama mbele ya jiko ni mchache zaidi. Si ajabu basi kwamba sufuria ndogo ya umeme ya kupikia wali imekuwa mwenzao wa kila siku.

Faida zake ni za kweli. Haitoi moshi wala ile hewa ya sumu ya makaa ambayo imewaua watu wengi waliolala na jiko ndani ya chumba kilichofungwa. Haili umeme mwingi: sufuria ya wati 350 ikipika kwa nusu saa hutumia chini ya robo ya uniti. Tena hujizima yenyewe, hivyo mpishi anaweza kuoga au kumsaidia mtoto na kazi ya shule bila kuhofia wali kuungua.

Hata hivyo, ni vyema msomaji afahamu kwamba sufuria hii inajua jambo moja tu, nalo ni kwamba maji yamekwisha. Haijui wali umekaa ndani yake kwa saa ngapi. Haijui kama kwenye sahani kuna mboga au hakuna. Mambo hayo mawili, ambayo ndiyo yanayogusa afya, yamebaki mikononi mwa mpishi.

Jinsi inavyofanya kazi

Sufuria ya umeme inayojizima ilianza kuuzwa na kampuni ya Toshiba nchini Japani mnamo Desemba 1955. Ujuzi wake ni rahisi. Maadamu kuna maji ndani, joto la sufuria haliwezi kupanda sana kupita lile la maji yanayochemka. Maji yakishanyonywa na mchele na mengine kugeuka mvuke, joto la chini hupanda ghafla. Katika sufuria nyingi ndogo kuna sumaku iliyoshikwa na springi. Joto likipita kidogo nyuzijoto 100 za Selsiasi, sumaku huachia na swichi huruka juu.

Hapa Nairobi kuna jambo la kuzingatia. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa hivyo maji huchemka yakiwa karibu nyuzijoto 94, si 100 kama Mombasa. Chakula huchukua muda mrefu zaidi kuiva, na maji mengi zaidi hupotea kwa mvuke. Ndiyo sababu vipimo vilivyoandikwa katika kijitabu cha sufuria wakati mwingine hutoa wali wenye kiini kigumu. Roweka mchele kwa dakika 20 hadi 30, kisha ongeza maji kidogo kupita kipimo kilichoandikwa.

Kikombe kinachouzwa pamoja na sufuria nacho huwachanganya wengi. Aghalabu hubeba mililita 180, kipimo cha Kijapani, ilhali kikombe cha kawaida cha mapishi hubeba 250. Anayepima mchele kwa kimoja na maji kwa kingine asishangae akipata bokoboko. Tumia kikombe kimoja kwa vyote viwili. Kwa pishori ya Mwea, anza na kikombe kimoja cha mchele kwa kimoja na nusu cha maji, kisha rekebisha kulingana na mchele wako, kwani mchele uliokaa ghalani hunywa maji mengi kuliko ule mpya. Swichi ikiruka, usifunue kifuniko. Wacha wali utulie kwa dakika 10.

Kiporo na sumu isiyokufa kwa moto

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe. Katika mchele mkavu aghalabu mna bakteria wanaoitwa Bacillus cereus, ambao hutoka udongoni. Bakteria hawa hujificha katika mbegu ngumu ambazo hazifi kwa maji yanayochemka. Wali unapoiva, mbegu hizo hubaki hai. Wali ukipoa polepole na kukaa katika joto la kawaida la chumba, mbegu huamka, bakteria huzaana, na baadhi yao hutoa sumu ndani ya chakula.

Wengi hudhani kwamba kiporo kikipashwa moto vizuri hatari imekwisha. Sivyo. Moto huua bakteria, lakini sumu inayoleta kutapika haiharibiki kwa moto wa jikoni. Wali uliolala mezani usiku kucha unaweza kunukia vizuri, kuonekana safi, kupashwa hadi utoe mvuke, na bado ukamwangusha mlaji.

Dalili huja kwa njia mbili. Kuna kichefuchefu na kutapika kunakoanza kati ya saa 1 na saa 6 baada ya kula. Kuna pia maumivu ya tumbo na kuhara, kunakoanza kati ya saa 6 na saa 15. Kwa mtu mzima mwenye afya njema, hali hiyo kwa kawaida huisha kwa siku moja. Kwa mtoto mchanga, mama mjamzito, mzee au mgonjwa, kupoteza maji mwilini kunaweza kuwa jambo zito. Ni nadra mtu kufa, lakini imewahi kutokea: mwaka wa 2008 nchini Ubelgiji, mwanafunzi wa miaka 20 alifariki baada ya kula tambi zilizokuwa zimekaa siku 5 bila kuwekwa katika friji.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida kupita saa 2. Kinachosubiri kuliwa kiwe cha moto kupita nyuzijoto 60, au kiwe baridi chini ya nyuzijoto 5. Kati ya vipimo hivyo viwili ndipo bakteria hustawi.

Je, kitufe cha kuweka joto?

Sufuria nyingi, swichi ikisharuka, huendelea kuweka wali joto. Hilo ni jambo jema kwa saa chache, kwa mfano mke akisubiri mume aliyekwama katika msongamano wa magari. Lakini sufuria za bei nafuu hazifanani. Nyingine huweka joto la kutosha, nyingine hupunguza hadi wali ukawa vuguvugu, na nyingine hazina joto hilo kabisa, bali huzima tu. Ukifunua na kuona wali hautoi mvuke, usiutegemee ulinzi huo. Usiache wali ndani usiku kucha ili uwe kiamshakinywa.

Halafu kuna suala la umeme kupotea. Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilikaa gizani kwa saa nyingi. Sufuria iliyokuwa na wali usiku ule iligeuka chombo kilichofunikwa, chenye unyevu na joto la wastani, mahali ambapo bakteria hupapenda hasa. Umeme ukipotea, hesabu saa kuanzia ulipopotea. Ukiwa umelala na hujui ulipotea lini, heri kumwaga kikombe kimoja cha wali kuliko kulipia kitanda cha hospitali.

Namna ya kuhifadhi wali uliobaki ni hii. Usiingize sufuria nzima katika friji, kwa sababu wali uliorundikana hupoa polepole katikati. Utandaze kwenye sinia au chombo kipana, uwache mvuke utoke, kisha uufunike na kuuweka katika friji kabla ya saa 2 kwisha tangu ulipotolewa motoni. Ule siku inayofuata, uupashe hadi uwe moto kabisa hadi katikati, na uupashe mara moja tu. Wali wa nazi uangaliwe zaidi, kwa kuwa tui nalo huchacha upesi. Asiye na friji apike kiasi anachoweza kumaliza. Sufuria ndogo ina heri hiyo, kwani kikombe kimoja cha mililita 180 huwatosha watu wawili.

Chakula cha kubeba kazini

Wakazi wengi wa mtaa huu hubeba chakula ofisini ili wasitumie pesa hotelini. Mtu akipakia wali saa kumi na mbili asubuhi na kuula saa saba mchana, chakula hicho kimekaa saa 7. Kikiwa ndani ya mkebe wa plastiki katika mkoba, kimepita muda wa usalama zamani.

Kuna njia mbili za kujiokoa. Ya kwanza ni kupakia wali uliolala katika friji ukiwa bado baridi, kisha kuuweka katika friji ya ofisi mara tu unapofika na kuupasha wakati wa kula. Ya pili ni kutumia flasi ya chakula. Ijaze maji yanayochemka kwa dakika chache, yamwage, kisha tia wali wa moto uliotoka sufuriani wakati huohuo, na ufunge. Ukifungua mchana uukute bado wa moto wa kuunguza ulimi. Hotipoti ya mezani ni nzuri kwa chakula cha familia kinacholiwa karibuni, lakini isitegemewe kwa siku nzima.

Wali peke yake si mlo

Jambo la pili ambalo sufuria haijui ni lishe. Kwa kuwa ni rahisi, mtu hujikuta akila wali mweupe na mchuzi mwepesi kila jioni. Mchele uliokobolewa umepoteza ganda lake lenye nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B. Uliobaki ni wanga, ambao hupandisha sukari ya damu upesi. Kwa mwenye kisukari, au aliye katika hatari ya kukipata, kiasi kinachopakuliwa ni jambo la kuzungumza na daktari.

Dawa yake si kuacha wali. Nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe maharagwe, ndengu, samaki, yai au nyama, na robo iliyobaki iwe wali. Sufuria hiyohiyo inaweza kusaidia. Watu wa Pwani wana mseto, yaani mchele na pojo, ambazo huku bara huitwa ndengu, vilivyopikwa pamoja. Roweka ndengu tangu asubuhi, zichemshe mpaka zilainike, kisha zitie pamoja na mchele, kitunguu, chumvi kidogo na maji. Kamande hazihitaji kuchemshwa kwanza, ila zirowekwe pamoja na mchele. Sufuria yenye kisahani cha matundu hupika karoti, malenge au kipande cha samaki kwa mvuke huku wali ukiiva chini. Sukuma wiki iliyokatwa itiwe dakika za mwisho.

Tahadhari moja: maharagwe mekundu makavu yasitiwe pamoja na mchele. Yana sumu ya asili ambayo huisha tu kwa kuchemshwa sana. Yaroweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa maji mapya kwa nguvu, angalau kwa dakika 30, na uendelee mpaka yaive kabisa. Kamwe usiyapike kwa lile joto la chini la kuweka chakula.

Usalama wa chombo

Kabla ya kuwasha, futa sehemu ya chini ya sufuria ya ndani. Punje moja ya mchele au tone la maji likikaa kati yake na kipashio, swichi huenda ikaruka kabla ya wakati au ikachelewa. Pakua kwa mwiko wa mbao au wa plastiki ili usikwaruze ndani. Usiichomeke katika waya mwembamba wa kuunganishia pamoja na birika la umeme. Yenye plagi ya miguu miwili itumiwe na adapta, wala si kwa kusukuma kalamu katika tundu la juu la soketi, kama wengi wafanyavyo. Uliyoletewa na jamaa kutoka Japani au Marekani huenda haikuundiwa umeme wetu wa volti 240, basi soma maandishi ya chini kwanza.

Mtu akianza kutapika au kuhara baada ya kula kiporo, mpe maji mara kwa mara kwa kiasi kidogo, pamoja na ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini inayouzwa katika maduka ya dawa. Usimpe mtoto dawa ya kuzuia kuhara bila ushauri wa daktari. Mpeleke hospitalini haraka ukiona damu, homa kali, macho yaliyoingia ndani, mkojo mchache, macho ya manjano, usingizi usio wa kawaida, au akiwa hawezi kuzuia hata maji tumboni.

Kwa hivyo, swichi inaporuka juu jioni ya leo, itazame saa ya ukutani. Kuanzia hapo una saa 2 za kula wali huo au kuutandaza na kuuingiza katika friji.